Ile sauti ya WhatsApp kuhusu sato "wenye homoni": kabla hatujamhukumu samaki, tuliulize tope

Mponda Tope (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Jumamosi nimepita Buguruni kununua sato kama kawaida yangu. Mama ninayenunua kwake nilimkuta saa tano asubuhi amekaa na ndoo mbili zimejaa barafu, wakati siku nyingine saa nne anakuwa ameshaosha kibao na kuondoka. Namuuliza kulikoni, ananiambia, "Baba, watu wamesikia sauti." Sauti gani? Akanichezea kwenye simu ya mwanawe. Dakika tatu na ushee, mtu anayejiita daktari anasema samaki wa Ziwa Victoria wamejaa homoni za kike, wanaume wa Dar wanaota matiti na kukosa nguvu, na kwamba huo ni mpango. Mpango wa nani hakusema.

Nilicheka, halafu kicheko kikaniisha. Uongo mtupu huwa haunisumbui, mtu anaukanusha kwa sentensi moja. Huu umechanganywa na kweli kama maziwa ya kupima yaliyotiwa maji, na kazi ya kuutenganisha si ndogo.

Nimekaa maabara miaka kumi na mmoja. Si daktari wala profesa. Kazi yangu ilikuwa kuanika matope yaliyoletwa kutoka mitoni na ziwani, kuyaponda kwenye kinu, kuyachekecha na kuwaandalia wenye mashine zao. Kwa hiyo nitaongea kwa upande wa tope. Naandika kwa vipande, mtandao wa huku Tabata mnaujua.

Kijiwe cha Kahawa

Nimeweka kambi. Tiririka mkuu.

Shemeji wa Watu

Mimi tangu niisikie ile sauti nimehamia kwenye kuku.

Mponda Tope

Kuku wa kisasa? Haya shemeji, tuendelee.

Kwanza homoni ni nini. Mnapanda daladala. Konda akigonga bati mara moja dereva anasimama, akigonga mara mbili anaondoka. Dereva hamuoni konda, anasikia mlio tu. Homoni ndiyo ule mlio: tezi inagonga, kiungo kilicho mbali kinatii. Mlio hauhitaji nguvu, unahitaji usikike kwa wakati wake.

Sasa chukua mtoto mtundu aliyekaa siti ya nyuma, naye anagonga bati. Dereva anaondoka wakati mama mmoja bado mguu mmoja uko chini. Kuna kemikali zinafanya hivyo hasa, zinagonga mlio wa homoni ya kike ambao mwili haukuutuma. Nyingine hazigongi chochote, zinapiga kelele tu mpaka mlio wa konda hausikiki. DDE, ambayo ni mabaki ya DDT (ile dawa ya zamani ya kuua wadudu) ikishachakaa, ni ya kundi hili la pili: inaziba masikio ya seli zisisikie homoni ya kiume. Zote mbili tunaziita kemikali zinazovuruga homoni, na wengi wanazichanganya.

Ndiyo maana hesabu za sumu tulizozoea, kwamba kidogo hakiui, hapa zinapinda. Suala si kuua. Na mlio uliogongwa kiumbe kikiwa bado ndani ya yai au tumboni, wakati mwili unaamua uwe dume au jike, si sawa na mlio unaogongwa ukiwa mzee wa miaka hamsini.

Kaka Boza

Mkuu "kidogo" ni kiasi gani? Mimi nauza maji, tuongee kwa lita.

Mponda Tope

Umenifurahisha, maana mfano wangu ni wa lita.

Kanada, jimbo la Ontario, wana maziwa madogo yaliyotengwa kwa majaribio. Mtafiti Karen Kidd na wenzake walichukua ziwa moja, wanaliita Ziwa 260, na kwa misimu mitatu ya kiangazi, 2001 hadi 2003, wakatia etinilestradioli. Hiyo ndiyo homoni iliyomo kwenye vidonge vingi vya uzazi wa mpango. Kiwango kilikuwa nanogramu 5 hadi 6 kwa lita, na nanogramu ni gramu moja ukiigawa vipande bilioni.

Piga hesabu. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 30 za homoni hiyo, yaani nanogramu 30,000. Gawanya kwa 5 unapata lita 6,000. Kidonge kimoja, kaka, ukikiyeyusha kwenye simtank ya lita 5,000 ile ya juu ya mnara, umeshafikia kiwango cha lile ziwa.

Ikawaje? Samaki wadogo wa pale, madume, walianza kutengeneza protini ya kiini cha yai, ambayo dume hana kazi nayo. Korodani za baadhi yao zikaonekana na mayai changa ndani. Kizazi kikakatika, na kabila zima la wale samaki nusura litoweke ziwani. Matokeo yalichapishwa 2007. Homoni iliposimamishwa, baada ya miaka michache samaki wakarudi. Hilo la kurudi wasimulizi wa WhatsApp hawalitaji.

Kaka Boza

Duh. Na mimi naosha boza kwa sabuni tu.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Samahani mleta mada, naomba nidakie hapo kabla hawajaja watu kusema wanawake waache vidonge. Nimeshaliona hilo linakuja.

Kila binadamu anakojoa homoni. Wanaume pia. Mjamzito anakojoa nyingi kuliko anayemeza kidonge. Ini likimaliza kazi yake linaifunga homoni kwa kitu cha jamii ya sukari ili iyeyuke kwenye mkojo, na ikishafungwa hivyo haina nguvu. Tatizo linaanza chooni. Bakteria wa kwenye majitaka wanaikata ile sukari na homoni inafunguka upya. Kwa hiyo anayechafua maji kwa homoni ni mji mzima unaokunya na kukojoa, si binti mwenye kadi ya kliniki. Ukitaka kulaumu, laumu majitaka yasiyosafishwa.

Mponda Tope

Asante dada, umeniokolea aya tatu. Na umegusa Dar yetu. Nyumba nyingi hapa hazijaungwa kwenye bomba la majitaka. Ni shimo, na gari la kunyonya likija linapeleka kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti. Mabwawa ni kitu kizuri kuliko watu wanavyoyadharau kwa harufu: jua, muda na vijidudu vinavunja sehemu kubwa ya homoni za asili. Lakini sote tunajua mvua za masika zikichanganya, kuna majirani wanaotapisha vyoo usiku. Hayo hayapiti bwawani. Yanaenda mtaroni, mtaro unaenda Mto Msimbazi.

Mtaalamu wa Mambo

Mkuu story nzuri ila Kanada ni Kanada. Wazungu wameweka wenyewe dawa kwenye ziwa lao halafu sisi tutishike? Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 na zaidi. Vidonge vya nani vitalijaza lile?

Mponda Tope

Swali la haki, na kwa homoni za vidonge nakubaliana nawe nusu. Ziwa lile ni kubwa mno kujaa kwa mkojo. Hatari iko kwenye ghuba zilizo karibu na miji na kwenye midomo ya mito, maji yanapokuwa machache na uchafu mwingi.

Lakini Ziwa Victoria lina hadithi yake nyingine, ya viuatilifu. Kuna mtu wa kanda ya ziwa humu?

Mzawa wa Ukerewe

Nipo. Mmefika kwenye thiodani sasa.

Nilikuwa kijana mdogo. Kuna watu walikuwa wanachukua dawa ya pamba, wanaimwaga majini jioni, asubuhi wanaokota samaki wanaoelea. Hawatumii nyavu, hawalali ziwani. Sisi wenye mitumbwi halali tulikuwa tukimwona samaki macho yamemtoka na mwili umelegea kabla ya wakati tunamwacha. 1999 Ulaya wakafunga soko, hawataki samaki wa ziwa letu kwa sababu ya huo uvuvi wa sumu. Viwanda vya minofu vikasimama. Baba yangu aliuza injini ya mtumbwi mwaka huo, na hakuwahi kununua nyingine. Kwa hiyo mtu akisema sumu ziwani ni hadithi ya wazungu, aje anieleze mimi.

Mponda Tope

Pole sana ndugu yangu.

Jina la kitaalamu la thiodani ni endosulfani. Mwaka 2011 iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kemikali zisizooza. Nayo ni mojawapo ya hizi za kugonga bati.

Na kuna vipimo. Watafiti wa kemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichukua sato na sangara kwenye mialo ya wilaya tisa upande wetu wa ziwa, wakawapima kwa viuatilifu 64, na mwaka 2006 wakachapisha. Endosulfani ilifika hadi miligramu 0.2 kwa kilo ya mnofu, DDT hadi 0.03. Jumla ya hitimisho lao: vitu vipo, ila kwa kiasi ambacho mtu hula samaki kwa siku, vilikuwa ndani ya kiwango kinachovumilika.

Nampenda mtu anayesoma hayo mambo mawili kwa pamoja. Yule wa kwenye sauti kachukua "vipo", kaacha lililofuata. Wengine maofisini huchukua "ndani ya kiwango" na kulala. Kwangu mimi habari kubwa zaidi ilikuwa ndani ya utafiti huo huo: kwenye samaki wale DDT yenyewe ilikuwa nyingi kuliko mabaki yake. DDT ni kama ndizi. Ikikaa inabadilika, penye hewa inakuwa DDE, kwenye tope lisilo na hewa inakuwa DDD. Ukikuta mbichi ni nyingi kuliko iliyoiva, ujue mzigo ni wa karibuni, si wa enzi za babu. Kwenye meza yetu ya maabara huo ulikuwa ndio mchezo wenyewe: mkuu wa kitengo haulizi "ipo?", anauliza "ipi ni nyingi?"

Kijiwe cha Kahawa

Hii ya ndizi nimeielewa kuliko miaka minne ya kemia sekondari.

Tope la Jangwani

Mkuu, mbona umesema utaongea kwa upande wa tope na mpaka sasa unaongea samaki?

Mponda Tope

Umenibana. Haya, tope.

Hizi kemikali nyingi hazipendi maji. Ni kama mafuta kwenye mchuzi, zinatafuta pa kushika. Ndani ya ziwa au mto, pa kushika ni chembe za tope zenye mboji, au mafuta ya kiumbe hai. Kwa hiyo ukichota maji ya juu kwenye chupa, ukayaona meupe, ukayapima, unaweza usipate kitu. Futi mbili chini yake kuna tope lililobeba mzigo wa miaka thelathini. Funza wa matopeni anakula tope, samaki mdogo anakula funza, mkubwa anakula wadogo mia, na kila anayepanda anarithi mafuta ya aliyemla.

California kuna ziwa linaitwa Clear Lake. Walikereketwa na visubi, wakamwaga DDD mwaka 1949, wakarudia 1954 na 1957. Kiasi walichomwaga mwanzo ni sehemu moja kwa maji sehemu milioni 70. Visubi walikufa, watu wakashangilia. Kisha ndege wanaokula samaki wakaanza kufa, na mafuta ya miili yao yalikutwa na sehemu 1,600 kwa milioni. Majini huoni kitu, kwenye ndege kimejaa.

Lakini ziwa ambalo sitalisahau ni Apopka, Florida. Mwaka 1980 kiwanda cha viuatilifu kando ya ziwa kilivujisha dikofoli iliyokuwa na DDT ndani yake. Mamba wa pale wadogo wakapungua vibaya. Louis Guillette na wenzake walipowapima miaka ya tisini walikuta madume wana homoni ya kiume kidogo mno na maumbile yao yamepungua kama robo, majike ovari zao si za kawaida. Wakati huo maji ya ziwa yenyewe yalikuwa hayaonyeshi dalili kubwa za DDT. Mzigo ulikuwa kwenye mayai ya mamba na matopeni.

Sikilizeni kilichofuata. Serikali ya kule ikanunua mashamba ya kando ya ziwa ili iyarudishe yawe bwawa la asili. Nia njema kabisa. Msimu wa baridi wa 1998 kuingia 1999 wakayafurisha maji. Ndege wakaja kwa maelfu kula samaki, na mamia wakafa, wengi wao wari. Udongo wa mashamba ulikuwa umeshika viuatilifu vya miongo, maji yalipoingia ukavitoa.

Tope la Jangwani

Sasa hapo umenigusa. Desemba 2011 maji ya Msimbazi yalilala sebuleni kwangu siku mbili. Yalipoondoka yakaacha tope nyeusi mpaka usawa wa goti. Tulilizoa kwa mikono, watoto wamo. Baadhi ya majirani walilimwaga kwenye matuta ya mchicha, wakasema lina rutuba.

Mponda Tope

Na rutuba linayo kweli, hapo ndipo ugumu. Mto ule unaanzia vilima vya Pugu, unapita viwanda, machinjio, madampo, gereji, vyoo, unaishia Daraja la Salenda. Kila kilichomwagwa njiani kina kipande chake kwenye tope la bondeni. Siwezi kukuambia tope la sebule yako lilikuwa na nini, tope lisilopimwa halina matokeo. Ila kuzoa kwa mikono mitupu, hapana, mkuu. Buti na glavu, na watoto wakae mbali.

Wakati mwingine tunachoma bomba refu kwenye kitanda cha ziwa, tunalitoa na tope ndani kama keki ya tabaka. Tabaka la chini ni la zamani. Umri unausoma kwa madini ya risasi yenye mionzi, yanayopungua nusu kila miaka 22 hivi, na kwa seziamu ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, ambayo kilele chake ni 1963. Halafu unapima kila tabaka. Hapo hakuna ofisa wa kukuambia faili limepotea.

Bibi Kilimo

Wanangu, nimesoma kimya. Mmetaja Florida, mmetaja Kanada. Vikuge mbona hamuitaji? Ni hapo Kibaha tu.

Mponda Tope

Shikamoo bibi. Nilikuwa naisogelea, ila wewe ndiye mwenyeji.

Bibi Kilimo

Marahaba. Sina mengi. Mwaka 1986 ulikuja msaada wa madawa ya kilimo kutoka Ugiriki, kama tani 170, mengine yameshapita muda. Yakawekwa shamba la Vikuge kwenye banda la wazi. Banda likaanguka. Mvua inanyesha, dawa zinaoga. Harufu ile aliyeipata haisahau. Baadaye wakaja kuzoa, wakasema pamesafishwa.

Mponda Tope

Palisafishwa kwa macho. Utafiti wa 2004 ulikwenda kupima baada ya kusafisha. Udongo wa juu ulikuwa na DDT hadi asilimia 28. Pale palipokuwa pabaya zaidi, kila kilo ya udongo gramu 280 ni DDT. Huo si udongo wenye dawa, ni dawa yenye udongo. Walichimba sentimita 50 na bado wanaikuta. Maji ya visima na ya juu ya ardhi yalikuwa na jamii hii ya viuatilifu hadi mikrogramu 30 kwa lita, wakati mwongozo wa WHO kwa DDT kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 1.

Hakuna aliyetuma sauti ya WhatsApp kuhusu Vikuge. Nadhani kwa sababu hakuna mwanaume aliyetishiwa matiti.

Shemeji wa Watu

Hahaha. Ila mkuu, hao sato wa kufuga? Jamaa yangu ana bwawa Kigamboni, anasema vifaranga wanalishwa homoni kweli. Hapo mnatuambiaje?

Mponda Tope

Jamaa yako hadanganyi. Vifaranga wa sato kwenye vitotoleshi vingi hulishwa metiltestosteroni iliyochanganywa na chakula, wiki tatu hadi nne za mwanzo. Ni homoni ya KIUME, shemeji. Lengo ni vifaranga wote wawe madume, maana dume linakua haraka na bwawa halijai watoto. Yaani ile sauti imegeuza hata jinsia ya kesi. Baada ya hapo samaki anakaa miezi sita au zaidi bila homoni mpaka auzwe, na mwili wake unaitoa. Mimi wasiwasi wangu uko kwa kijana anayechanganya ile poda kwa mikono bila barakoa, na kwa maji ya kitotoleshi yanakomwagwa.

Na wale wanaoisambaza sauti huku wamejipaka mkorogo wenye steroidi na zebaki, hao sina la kuwaambia. Steroidi ni homoni. Unajipaka mwenyewe, kwa hela yako.

Mtaalamu wa Mambo

Sawa, nimeshusha silaha. Sasa tule nini?

Mponda Tope

Samaki. Nakula samaki.

Sato na dagaa bila hofu, hawako juu kwenye ngazi ya kulana na hawaishi miaka mingi ya kukusanya mzigo. Sangara mkubwa sana kula kwa nafasi, hasa mjamzito. Toa ngozi na mafuta ya tumbo, choma kwenye wavu mafuta yadondoke, usiyarudishe kwenye mchuzi. Hiyo inapunguza jamii ya DDT kwa kiasi kizuri. Zebaki haipungui hivyo, yenyewe imo kwenye nyama. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, hakuondoi kemikali hizi. Chujio lenye mkaa maalumu linapunguza nyingi, ilimradi mkaa ubadilishwe kwa wakati. Na makopo ya viuatilifu msiyafanye ya maji, hata yakioshwa mara saba.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Na dawa zilizoisha muda msizitupe chooni. Ulizeni famasi au kituo cha afya.

Mzawa wa Ukerewe

Mkuu, yule mama wa Buguruni aliuza lakini?

Mponda Tope

Nilichukua sato wanne, jirani yangu watatu. Nilipoondoka ndoo moja ilikuwa bado imejaa.

Kijiwe cha Kahawa

Anakaa upande gani wa soko? Kesho niko Buguruni.

Mponda Tope

Ukitokea kituo cha daladala, pita wauza nazi, mama mwenye mwavuli wa bluu uliochanika. Mwambie umetumwa na mtu wa matope.